Swali la Syombua

Mwanangu Ndanu,

Umeondoka saa nane na gari la baba yako, ukasema unakwenda Masii kumuaga susu, bibi yako mzaa mama, na utarudi kabla giza halijaingia. Kwa susu utakaa saa moja hivi. Atakulisha muthokoi, atakuombea, atalia kidogo. Halafu utapitia kwa Syombua, na huko ndiko utakakokaa mpaka jua lizame. Hukuniambia, lakini nilikuona ukitia kwenye mkoba ile leso ya zambarau uliyoinunua Jumamosi, na susu yako havai zambarau.

Nimeketi kwenye meza ya jikoni, sanduku lako la safari ya chuo liko sebuleni limefungwa kamba. Mambo ya koti, dawa na nakala za pasipoti sitayagusa. Baba yako amekuandikia karatasi nzima na amepiga mstari chini ya neno “soksi” mara mbili. Mimi nina jambo lingine, na kwa kuwa sijui pa kulianzia vizuri nitalianza vibaya. Namwonea Syombua wivu. Nimemwonea wivu kwa miaka ishirini na miwili. Na kwa wivu huo nilimtendea kitu ambacho hukijui, na ambacho yeye, kwa sababu zake, hajakuambia.

Nakuandikia kwa Kiswahili, ingawa sisi wawili tumezoea kuandikiana Kiingereza. Kitu chenyewe nilikifanya kwa Kiingereza, kwa sentensi safi zenye adabu, na kila nikijaribu kukisimulia kwa lugha hiyo naona mkono unaanza tena kujitetea.

Unajua nilianza kazi kama nesi wa kasualti hapa mjini. Siku za soko walikuja wengi: wa bodaboda, wa machimbo ya mawe, waliodondoka kutoka juu ya paa. Tuliwafunga, tukawashona, na wakipona tukaandika “ameruhusiwa” katika safu ya mwisho ya daftari, kisha tukafungua ukurasa mwingine. Siku moja nikiwa Masii kumtembelea mamangu, nilimkuta mwanamume wa Muthetheni niliyemwandikia neno hilo mwaka mmoja kabla. Alikuwa ameketi kwenye veranda ya duka, paja limepinda kama tawi. Alinitambua.

“Sista,” akasema, “mlinitoa, lakini hamkuniambia nikitoka niende wapi.”

Hapo ndipo nilipoacha kutaka kuwa nesi mkuu. Nilirudi shule, nikasomea afya ya jamii, na nikaamua kwamba maisha yangu yatakuwa kufuata wale watu nje ya geti la hospitali. Wazo hilo lilikuwa langu. Nalisema kwa nguvu, mwanangu, kwa sababu mengi ninayokuja kukuambia hayakuwa yangu, na mtu anayesalimisha nyumba nzima huachwa angalau na kiti kimoja.

Nilipopata ufadhili wa utafiti wangu mkubwa wa kwanza, wewe ulikuwa na miaka miwili. Nilihitaji wasaidizi watano wa kuzunguka vijiji vya Mwala. Wanne walikuwa na digrii. Wa tano alikuwa Syombua Mutuku, fundi wa nguo pale Masii, kidato cha nne, umri miaka ishirini na minne. Malori ya mchanga yalikuwa yamekula ukingo wa mto, na alipoinama kuchota maji kwenye shimo, ukingo ukamwangukia. Mguu wa kulia ukakatwa juu ya goti. Alikuja kwenye usaili na magongo yake, na nguo aliyojishonea mwenyewe, akiwa na majibu mafupi. Nilimwajiri. Nikuambie kwa nini? Niliona itapendeza katika ripoti kwamba mmoja wa wasaidizi wangu ni mtu mwenye ulemavu. Hiyo ndiyo sababu yote.

Siku ya kwanza tulikwenda kwa mama mmoja aliyevunjika nyonga. Nilitaka wasaidizi waone jinsi mtaalamu anavyohoji, kwa hiyo nikaanza mimi. Unaweza kutembea hatua mia moja bila msaada? Naweza. Unaweza kubeba mtungi wa maji? Naweza. Unaweza kuoga mwenyewe? Naweza. Yule mama aliweza kila kitu. Angeniambia anaweza kuruka, mradi niondoke. Nilipomaliza nikafunga hojaji, nikainuka.

Syombua hakuinuka. Alilaza magongo chini, akajivuta mpaka kwenye debe lililokuwa karibu na mlango, akaketi akimtazama yule mama uso kwa uso.

“Mwaitu,” akamwambia, kama amwitavyo mamake mwenyewe, “tangu uumie, ni wapi umeacha kwenda?”

Yule mama alinyoosha kanga yake magotini, nami nikaona haya kwa niaba ya Syombua. Kisha akasema, “Kanisani.”

“Kwa nini?”

“Choo cha huko ni cha kuchuchumaa. Nikishuka, nani ataniinua?”

“Na kwingine?”

“Kwa mamangu. Kuna daraja la miti.”

Akaendelea. Kwa dada yake. Kwenye kikundi cha akina mama. Kwenye mazishi, na hapo akalia, kwa sababu alikosa mazishi ya kaka yake mwenyewe akisikia nyimbo kutoka ng'ambo ya bonde. Tulikaa mpaka chai ikapoa. Tukiwa njiani kurudi kwenye gari nikamwambia Syombua, “Swali zuri, lakini haliko kwenye hojaji.”

“Mwalimu,” akanijibu bila kiburi, akitafuta mahali pa kuweka gongo kati ya mawe, “hiyo maswali yako inauliza mguu. Haiulizi mtu.”

Wiki hiyohiyo nililiingiza swali lake katika hojaji, namba kumi na saba. Na katika mwongozo wa wasaidizi nikaandika kwamba limebuniwa na mtafiti mkuu. Mtafiti mkuu nilikuwa mimi. Nilijiambia kwamba ndivyo kazi hii ilivyo, kwamba kila kinachotoka shambani ni mali ya mradi. Wenzangu wangekubali. Lakini sikuwauliza.

Baada ya hapo wivu ukawa kama jiwe ndani ya kiatu. Tukifika boma la watu, mimi niliitwa daktari na kupewa kiti cha plastiki, yeye aliitwa kwa jina lake na kupewa mtoto wa kupakata. Watu walinijibu mimi wakimtazama yeye. Garini wale wanne wenye digrii walimzunguka kumsikiliza akiigiza mzee fulani wa Ekalakala, wakacheka mpaka machozi, nami nilikaa mbele na dereva, nikiwa na digrii tatu, nikingoja wanyamaze ili nitangaze ratiba ya kesho. Nilianza kutafuta makosa katika fomu zake. Nilimsahihisha herufi. Siku moja nilimrudisha kwenye nyumba tatu kwa sababu hakuandika saa aliyomaliza. Alikwenda, kwa magongo, kwenye mlima, akarudi na saa zote tatu. Nilimwona akishuka ule mlima na sikuona haya. Niliona hasira kwamba hakulalamika.

Kisha akaja mgeni kutoka kwa wafadhili. Alizunguka na Syombua nyumba tatu. Baada ya mwezi mmoja nikapata barua: palikuwa na mkutano mkubwa wa watafiti wa majeraha huko ng'ambo, na walitaka Syombua azungumze juu ya lile swali na jinsi anavyouliza. Mimi niliombwa nimsindikize.

Nimsindikize. Nilisoma neno hilo nikiwa nimesimama, nikaketi, nikalisoma tena. Sikumwonyesha barua. Nilikaa nayo siku nne. Siku ya tano nikajibu kwamba tunashukuru sana kwa heshima hiyo, ila kwa bahati mbaya hali yake ya ulemavu haimruhusu kusafiri mwendo mrefu, na kwamba niko tayari kuwasilisha mada kwa niaba ya mradi.

Isome tena polepole, Ndanu, maana wewe unakwenda kusomea kazi hii. Mimi, niliyekuwa nikizunguka nchi nikisema kwamba kinachomfunga mtu si mguu uliokatwa bali mlango uliojengwa vibaya, nilijijenga mwenyewe kuwa mlango huo. Mwanamke aliyepanda milima ya Mwala kwa magongo nilisema hawezi kuketi ndani ya ndege.

Nilikwenda peke yangu. Nilizungumza dakika ishirini. Nilipofika kwenye lile swali ukumbi ulitulia kama kanisa, na nilipomaliza walisimama wakapiga makofi. Kutoka jukwaa hilo nikapata mwaliko mwingine, utafiti mwingine, kamati, na mwisho uprofesa. Watu wakaanza kuliita swali langu. Nami nikazoea. Niliporudi safari ile nilimletea Syombua chokoleti. Akaniuliza, “Uliongea poa, Mwalimu?” Nikasema nilijaribu. Akasema, “Nilikuwa nakuombea siku hiyo yote.”

Ile chokoleti aliigawa kwa wale wanne garini. Mimi pia alinipa kipande, nami nikala.

Miaka kumi alifanya kazi na mimi bila kujua. Siku aliyojua, wewe ulikuwepo. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, ulivaa lile gauni la kijani, ilikuwa siku ya mhadhara wangu wa uprofesa. Nilimwalika Syombua aketi mstari wa mbele. Sikwenda kukagua ukumbi. Mlangoni palikuwa na ngazi tisa na hapakuwa na njia ya wenye magongo wala viti vya magurudumu, na yeye alizipanda zote tisa mbele ya wageni, akaingia akitoka jasho, akanipungia mkono. Nilizungumza juu ya ngazi siku hiyo. Nadhani hata mfano wa choo cha kanisa niliutoa.

Baada ya mhadhara, wakati wa chai, yule mgeni wa zamani wa wafadhili alimfuata, akamshika mikono miwili. Nilikuwa karibu, nikasikia yote. “Nimefurahi sana kuona siku hizi unaweza kusafiri,” akamwambia. “Mwaka ule tulisikitika mno tulipoambiwa hali yako haikuruhusu kuja.”

Syombua aligeuza shingo, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Tukatoka nje.

“Mwalimu, ulisema siwezi?”

“Syombua, ni zamani hiyo, nilifikiri kwamba...”

“Sijauliza ulifikiria nini. Nauliza kama ulisema siwezi.”

“Nilisema.”

Akatazama chini, akapangusa mpini wa gongo kwa kidole gumba. “Wengi wameniambia hivyo,” akasema. “Mume wa kwanza alisema. Mwenye duka alisema. Sikujua wewe pia uko kwa hiyo laini.”

Ndipo wewe ukaja mbio na sahani ya keki, ukamwuliza, “Anti, mbona huli?” Akakuambia gari la Masii litamwacha. Akakubusu kichwani, akashuka zile ngazi tisa, na hakurudi kazini tena. Uliniuliza amekasirika? Nikakuambia amechoka.

Unajua yaliyofuata kuliko mimi, kwa maana uliyaishi. Alikodi chumba nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, akakusanya wenzake wanne wa kijijini, wakaanza kuwafuata majeruhi wanaotoka hospitalini, kuwafundisha kuinuka kitandani, kupanda mkokoteni, kuwasimamia mafundi wanaorekebisha vyoo. Hakuna hojaji. Ulipofika miaka kumi na sita nikakupeleka kwa susu likizo ya Agosti, na ukarudi unazungumza lugha nyingine. Anti Syombua amesema hivi. Anti Syombua hufanya vile. Mezani nilikuwa nikikueleza matokeo ya utafiti wangu nawe ukinisikiliza kwa heshima, kama mtu anayengoja tangazo liishe ili kipindi kianze. Nilitamani unitazame mimi hivyo. Mara mbili nilikutafutia sababu ya kutokwenda Masii. Ile homa ya susu wakati wa Krismasi haikuwa mbaya wala ya kuambukiza kama nilivyokuambia. Nisamehe hilo pia.

Halafu ukaja na barua yako ya kuomba chuo, ukaniomba niisome. Uliandika: “Mama yangu ndiye aliyeuliza swali. Syombua wa Masii ndiye aliyenifundisha kusikiliza jibu.” Ulinitazama ukitabasamu, ukidhani umenipa zawadi. Nilirekebisha koma mbili nikakurudishia. Baadaye ukaniambia kwamba Syombua pia ameisoma, na kwamba alisema ni nzuri.

Alisoma sentensi hiyo, Ndanu, na akasema ni nzuri. Sikuweza kuishi na hilo. Jumanne iliyopita nilikwenda kwake.

Alikuwa akimfundisha msichana aliyevunjika mgongo kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti. “Mwalimu, keti hapo nje,” akasema, “niko na mgeni wa kwanza.” Nikaketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa, karibu saa nzima, vumbi la unga likitua kwenye viatu vyangu. Hakuna aliyeniita daktari. Alipotoka, nywele zimeanza mvi, akajishusha kando yangu.

“Nimekuja kwa sababu ya swali,” nikamwambia.

“Swali gani?”

“Unalijua. La wapi umeacha kwenda. Nataka kuandika kila mahali kwamba ni lako. Na ile barua ya safari, nataka kuitaja pia.”

Akacheka, si kwa ubaya. “Ai, Mwalimu. Bado unatumia hilo? Mimi niliacha kitambo.”

“Uliacha?”

“Eee. Watu walilizoea, wakawa na majibu tayari. Siku hizi nauliza kitu ingine.”

Mwanangu, nilikuwa nimekwenda kuomba radhi. Na hapo hapo, juu ya lile benchi, wivu ukanirudia. Nimekula swali moja miaka ishirini na miwili, nimezeeka nalo, na mwenyewe aliliacha njiani akaokota bora zaidi.

“Unauliza nini?” nikamwuliza.

Akanitazama vizuri. “Hiyo sikwambii.”

Wewe bila shaka unalijua, umelisikia likizo zote hizi. Usiniambie.

Nilimwuliza kama amenisamehe. Akasema hiyo siku ikifika nitajua, leo ana watu watano wanamngoja. Nikamwuliza kwa nini hakukuambia wewe. Akajibu, “Mtoto alikuwa anakuja hapa akikutaja kwa kujivuna. Ningemnyang'anya hiyo nimpe nini? Mwambie wewe. Lakini mwambie kabla afike huko, asije akaisikia kwa watu.”

Kwa hiyo nakuambia. Nimekwisha kuandika kwa jarida lililochapisha makala yangu ya kwanza juu ya lile swali, na kwa mkuu wa idara yangu, nikaeleza swali ni la nani na barua ya mwaliko niliijibu vipi. Wahariri wamesema watachapisha masahihisho. Mkuu wa idara alinipigia simu akaniomba nifikirie upya, akasema haya ni mambo ya zamani na nimebakiza miaka mitatu tu nistaafu. Nikamwambia ajibu kwa maandishi. Mhadhara niliokuwa nitoe mwezi ujao umeahirishwa, na wenzangu wawili hawapokei simu zangu. Sijui mengine yataishia wapi. Baba yako anajua tangu Jumatano. Alinisikiliza, kisha akaenda kupiga mstari wa pili chini ya soksi.

Sitakuambia usiwe na wivu. Utakuwa nao, kwa sababu utakutana na watu wanaoweza kwa urahisi kile unachokiweza kwa jasho, na baadhi yao watakuwa chini yako, watakuletea fomu uzisahihishe. Mimi nilidhani wivu wangu ulikuwa ushahidi kwamba Syombua ananipunguza. Kumbe ulikuwa ukinionyesha, kila siku, bila kukosea, ni nani ningepaswa kukaa naye nijifunze. Nilikuwa na mwalimu garini mwangu miaka kumi, nami nikamwekea alama kwenye herufi.

Bado namwonea wivu. Nilidhani nikiandika utapungua. Naandika na kusikiliza kila gari linalopanda kilima, nikiwaza mnacheka nini huko. Lakini sasa najua ni wivu tu, na siupi tena kazi ya kuandika barua zangu.

Ile sentensi katika ombi lako wanayo chuoni tayari. Ukifika, irekebishe kwa mkono wako, kwa jina lake kamili, Syombua Mutuku. Wakikuuliza kuhusu mamako, usinitetee na usinifiche.

Barua hii nitaitia mfuko wa mbele wa mkoba wako, uisome ukiwa umeshaketi ndani ya ndege, mahali ambapo huwezi kugeuka kurudi kuniliwaza. Utakasirika. Una haki. Na utakapotua na kuwasha simu, mpigie Syombua kabla hujanipigia mimi. Nitakuwa nimeshika saa, nitajua ndege imetua, nitajua unaongea naye, na itaniuma. Ongea naye mpaka umalize. Mimi nitangoja.

Mamako